Sindano ya Saa Sita

Hiace nyeupe ilipita taa nyekundu bila hata kujifanya inataka kusimama.

Nyuki aliifuata.

Pikipiki yake, Yamaha, ilinguruma, ikapenya katikati ya malori mawili. Dereva mmoja alitoa kichwa dirishani amtukane, akakuta hakuna wa kutukanwa.

"Nyuki, Mzinga hapa," ilisema sauti sikioni. Kifaa chenyewe kilikuwa kidogo kuliko harage, na kitengo chao cha upelelezi kilikinunua kwa bei ambayo Mzee, mkuu wao, hakupenda kuulizwa. "Unamwona?"

"Namwona. Anaelekea kwenye maghala."

"Mzigo kwanza. Mtu baadaye."

"Nimekupata, Mzee."

Mzigo ulikuwa dawa za sindano za watoto. Kikaoni waliambiwa ni bandia: maji na chumvi ndani ya vichupa vyenye lebo nzuri. Aliyekuwa akiziingiza nchini walimwita Manukato, kwa sababu harufu yake ilifika kabla yake na kubaki baada ya yeye kuondoka. Nyuki alikuwa amekamata wauza bunduki na wauza siri, na hakuna aliyemnyima usingizi. Lakini alimchukia huyu kwa moyo wote. Binti wa dada yake alikuwa amelazwa wodi ya watoto kwa homa ya mapafu, anachomwa sindano kila siku saa sita mchana. Kama ndani ya vichupa vya wodini mlikuwa na maji matupu, mtoto angekufa hivihivi huku wakimwangalia.

Lakini asubuhi ile dada mtu alikuwa ameandika ujumbe wa furaha.

"Homa imeshuka, Mungu mkubwa. Ila mwanao ameota jeuri. Namwita haitiki. Jana nimemnasa kibao. Njoo umseme wewe mama yake mdogo, labda atakusikia."

Nyuki alicheka alipousoma. Mtoto mwenye nguvu za kufanya jeuri, alijiambia, amepona huyo.

Hiace ilikata kona, ikaingia kati ya maghala.

Nyuki alichomoa Glock.

Risasi moja. Tairi la nyuma.

Gari lilipepesuka, likajigonga ukutani, likazima. Dereva alitoka mbio bila kufunga mlango. Nyuki hakuhangaika naye. Aliyemtaka alishuka upande wa pili taratibu, akajikung'uta vumbi, akainua mikono kama mtu anayepimwa suti kwa fundi.

"Polepole, dada. Viatu hivi ni vipya."

"Lala chini."

"Na suti pia mpya."

Alimlaza yeye mwenyewe, bila kuijali suti. Pingu zikabana.

Ndani ya gari maboksi yalijaa hadi juu. Alichana moja kwa kisu, akatoa kichupa, akakiinua kwenye mwanga. Lebo ilikuwa imebandikwa upande. Akaikwangua kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na lebo nyingine, kuukuu, yenye maandishi mekundu: Si kwa watoto.

Hayakuwa maji na chumvi.

"Hii ni nini?"

"Dawa, dada. Dawa kweli kabisa. Mimi kuuza maji? Nina heshima zangu." Manukato aligeuza shavu kwenye vumbi ili aongee vizuri. "Kali kidogo, ya zamani kidogo. Huko ilikotoka wameikataza, nikaipata kwa bei ya takataka. Si homa inashuka? Mama anafurahi, daktari anafurahi."

"Na mtoto?"

"Mtoto anapona." Akasita. "Masikio tu ndiyo yanakwenda. Si kwa wote. Kwa wengi."

Namwita haitiki. Jana nimemnasa kibao.

Nyuki alimkunja Manukato ukosi akamkalisha, mdomo wa bastola chini ya kidevu. Kidole kilikuwa kinamwasha.

"Usinitolee macho mimi," Manukato alisema, na sasa hakuwa akitania. "Waulize wakubwa zako. Mzigo wa kwanza waliupiga picha forodhani, wakauacha upite. Niliwaona. Wanawataka mabosi wangu, si mimi."

Nyuki alirudisha bastola kiunoni. Alibonyeza kifaa.

"Mzinga. Mzigo ninao. Mtu ninaye."

"Safi sana, binti yangu!"

"Mzigo wa kwanza, Mzee. Mliuacha upite?"

"Hayo si ya kuongea hewani."

"Mlijua ndani mna nini?"

"Maabara walituambia wiki iliyopita. Tungeuzuia wangetawanyika wote. Ulikuwa mzigo mdogo, Nyuki. Hospitali moja tu."

"Kikaoni ulisema maji na chumvi."

"Ungefanya kazi vizuri ungejua?"

Alitazama saa. Saa sita ilikuwa imekaribia. Akakivuta kile kiharage sikioni, akakidondosha kwenye mtaro. Kisha akamfunga Manukato kwenye usukani kwa pingu zilezile. Ving'ora vya wenzake vilikuwa vimeshakaribia, wangemkuta.

Alipanda Yamaha, akaelekea hospitali.

Nesi alikuwa ameinua bomba la sindano, anatoa hewa, pembeni ya kitanda cha mtoto wa dada yake, Nyuki alipomdaka mkono.

"We mama, una wazimu? Hapa ni wodini!"

"Weka chini. Nipe hicho kichupa."

Aliikwangua lebo mbele yake. Nesi alisoma mara moja, akasoma tena. Kisha akakaa kwenye ukingo wa kitanda bila kuangalia anapokaa.

"Nimewachoma kwa mkono wangu," alisema. "Nikawa nawaambia wasilie, inawasaidia."

Dada mtu hakuwa amesikia hayo. Alikuwa anarudi na maji ya kuoga. "Afadhali umefika. Mwone huyo alivyotupa mgongo! Hata shikamoo hakuamkii."

Mtoto alikuwa akivuta nyuzi za blanketi, moja moja, ameshughulika kwelikweli.

Mkono mzito ulimshika Nyuki bega. Mzee. Alikuwa anahema, na nyuma yake vijana wawili wenye makoti.

"Akina mama wasijue," alinong'ona. "Tuwaambie dawa imepitwa na muda, inabadilishwa. Tukimaliza operesheni tutaunda kamati." Akashusha sauti zaidi. "Hukuniambia una mtoto humu."

"Kwani hawa wengine si wa mtu?"

Kwenye toroli ya nesi palikuwa na sinia la chuma, limejaa mikasi na vibakuli. Nyuki alilinyanyua hadi usawa wa kichwa.

Akaliachia.

Mlio ulipiga kuta zote nne. Akina mama waliruka. Mzee aliinama, mkono kwenye bastola. Kitoto kichanga kilicholetwa asubuhi ile kiliangua kilio cha nguvu zake zote.

Kililia peke yake.

Vitandani, watoto wengine waliendelea na shughuli zao. Mmoja alikuwa anakunja karatasi. Mwingine anabandua rangi ya ukuta kwa kidole. Akina mama walitazama sakafu, kisha wakawatazama watoto. Mama mmoja alianza kupiga makofi nyuma ya kichwa cha mwanawe, polepole, halafu kwa nguvu, halafu kama mwehu.

Dada mtu alimgeuza binti yake, akamwita. Akamwita tena, kwa sauti ya kupasuka. Mtoto alitazama ule mdomo unavyofunguka na kujifumba, akadhani ni mchezo. Akacheka, akaachama naye.

"Nilimpiga," alisema dada mtu. "Mdogo wangu, mimi nilimpiga."

Nyuki alimtia kichupa mkononi, akamkunja vidole juu yake.

"Kishike. Ni ushahidi, asikunyang'anye mtu. Wala mwenye koti." Akamgeukia nesi. "Wewe kamwite daktari mkuu. Mwambie kila kitu, tena mbele yao."

Nesi alikwishainuka.

Vijana wa makoti walimtazama Mzee. Mzee aliwatazama akina mama waliokuwa wameshaanza kuja upande wake, na hakutoa amri.

Nyuki alivaa miwani yake nyeusi, akatoka, akaanza kushuka ngazi bila haraka.

"Nyuki!" Mzee aliita kutoka juu. "Rudi hapa! Nyuki!"

Alimsikia vizuri kabisa. Akaendelea kushuka.