Sauti ya Chumba cha Ndani

Rafiki yangu mmoja, mwandishi wa hadithi za mtandaoni, alichoka kuandika bila kusomwa. Akaanza kupita nyumba kwa nyumba akiuliza watu wanasoma nini kwenye simu.

"Tunapitisha macho tu, dada," wengi walimjibu.

Jioni, miguu ikimwaka moto, alikaribishwa na bibi mmoja asiyeona. Umeme ulikuwa umekatika, sebule giza tupu. Akajitambulisha.

"Nakujua, mwanangu," bibi alisema. "Si unanisomea hadithi zako kila siku?"

"Mimi? Sijawahi hata kurekodi sauti, bibi."

"Hebu nyamaza usikie."

Kutoka chumba cha ndani ikasikika sauti yake mwenyewe, imechoka vilevile, ikisoma hadithi aliyoichapisha jana. Ikakohoa. Kisha ikauliza, "Bibi, umekaa na nani hapo?"