Vidonge Kwenye Kopo la Vifungo

Soko lilifurika, hapana pa kutema mate. Fundi cherehani, ndani ya gauni la samawati, alikuwa akipima kitambaa seremala mmoja aliponyoosha mkono.

"Dada, niazime futi. Yangu imekatika."

"Ukiondoka nayo?"

"Utapata sababu ya kunitafuta."

Akaondoka nayo kweli! Tangu hapo dunia ikamwendea fundi taratibu, kama anakanyaga pamba. Simu ikilia, cherehani inasimama.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimeshiba sauti yako."

"Muongo wewe!"

Jumapili moja seremala alimsimamisha binti wa fundi, miaka tisa, kwenye fremu ya mlango, akachora mstari kwa penseli.

"Heh, twiga! Umeshafika. Ukizidi hapo utatoboa dari!"

Wakacheka wote watatu.

Wiki tatu baadaye fundi alifungua kopo la vifungo kutafuta kifungo cheupe. Kopo lilijaa vidonge.

"Mwanangu, nini hiki?"

"Si ulisema ni dawa ya kurefuka? Anko kasema nimefika."

Fundi akampigia seremala. "Usikanyage kwangu! Mdomo wako utaniulia mtoto!"

"Mpenzi, nimefanya nini?"

Akakata.

Kliniki, muuguzi alisoma majibu ya damu. "Virusi vimeanza kupanda, ila tumewahi. Mama, mtoto hakususa dawa. Kamaliza kazi uliyompa."

Fundi aliinamisha kichwa. Miaka yote alikuwa akimeza vidonge vyake jikoni, mgongo kaupa mlango.

Alasiri ile alimpigia seremala. "Njoo. Nina neno la kuwaambia, wewe na mwanangu."

Alikuja, vumbi la mbao nyushini. Fundi akaketi sakafuni, akampakata binti.

"Dawa si ya kurefuka, mama. Nilikudanganya kwa woga. Una virusi vya Ukimwi. Mimi pia ninavyo. Ulizaliwa navyo, huna kosa lolote. Dawa inavilaza. Ukiacha, vinaamka."

Binti akafikiri. "Kumbe hata wewe unakunywa?"

"Kila siku."

"Basi mbona hatunywi pamoja?"

Fundi hakuthubutu kumtazama seremala. Alisikia tu viatu vyake vikielekea mlangoni. Viatu vikapita mlango, vikafika kwenye mtungi, vikarudi. Seremala alishika vikombe viwili vya maji.

"Kesho nami nikapimwe, tujue sote tulipo," alisema seremala. Akatoa futi mfukoni. "Hii bado ninayo. Niirudishe niende, au nihamie nayo hapa unioe?"

"Mwanamume anaolewa?" binti akashangaa.

"Huyu ataolewa," fundi akasema, akicheka huku machozi yakimtoka.

Mama na mwana wakatazamana, wakameza dawa pamoja.