Kikohozi cha Dalali

Jumamosi ile Pilipili aliamka na hasira, na kwa kweli alikuwa na haki ya kukasirika. Godoro lilikuwa linashushwa ngazini tena. Nyuma ya godoro ilifuata feni, ndoo mbili za vyombo, na mwisho yule kijana wa ghorofa ya pili aliyehamia miezi mitatu tu iliyopita.

"Unahama?" Pilipili alimuuliza, mikono kiunoni, amesimama katikati ya njia.

"Nimepata chumba karibu na kazini. Hebu nipishe, mdogo wangu, godoro zito hili."

"Lakini nyinyi mna nini? Mnakuja, tunawazoea, halafu haoo!"

Kijana alicheka. Pilipili hakucheka. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina hilo alipewa na wapangaji wenyewe kwa sababu ya hasira zake za karibu. Mama yake alikuwa mtunza jengo. Alifagia ngazi, alishika funguo, na wawili hao walikaa katika chumba cha chini karibu na lango. Jengo lilikuwa katikati ya jiji, ghorofa nne zilizojaa vijana wanaoanza kazi na familia chache changa. Wote walipanga, na hakuna aliyemaliza miaka miwili. Kwenye ukuta wa ngazi Pilipili alikuwa amechora kwa penseli alama za urefu wa marafiki zake. Zilikuwa alama saba, za watoto saba, na wote saba walikuwa wameshahama.

Godoro lilipotoka, dalali wa mwenye jengo aliingia. Viatu vyake viling'aa, na mkononi alikuwa na funguo nyingi kama mlinzi wa gereza.

"Shikamoo, mjomba," Pilipili alisema bila furaha.

"Marahaba, mrembo! Mama yupo?"

"Ameenda kusafisha ofisi ya jirani. Anarudi saa sita."

"Afadhali. Ufunguo wa chumba cha pampu unaujua ulipo?"

Pilipili aliujua. Ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Pampu ya jengo ilikuwa imechoka kabisa. Mama aliiwasha kwa muda wa saa moja tu kila alfajiri, wapangaji wakajaza ndoo na mapipa yao, kisha akaizima kabla haijaungua. Baada ya hapo, mabomba ya juu yalikauka hadi kesho yake. Mwenye jengo aliambiwa mara nyingi, na kila mara jibu lake lilikuwa moja: "Nitaangalia."

"Kuna mnunuzi anakuja kuona ile nyumba tupu ya ghorofa ya nne ambayo mwenye jengo anaiuza," dalali alisema kwa sauti ya chini. "Ukinisikia nakohoa mara tatu, bonyeza swichi. Nikishuka, zima. Basi."

"Lakini mchana huwa hakuna maji, mjomba."

"Sikiliza, Pilipili. Anayepanga anahama. Anayenunua hahami. Wewe hutaki jirani wa kudumu?"

Hapo alimpata. Pilipili alichukua ufunguo.

Mnunuzi alikuwa dobi, mama mnene mwenye vidole vilivyokunjamana kwa sabuni. Alikuja na binti yake, mtoto wa rika la Pilipili, mwenye kidoti shavuni, na Pilipili akamwita Kidoti moyoni. Walipanda juu. Kikohozi kikasikika, kho, kho, kho, na Pilipili akabonyeza swichi. Waliposhuka aliizima upesi, akafunga mlango na kusimama langoni kama mtu asiyejua lolote.

Dobi alimgeukia. "Mwanangu, wewe ndiye unayeishi hapa. Niambie ukweli. Maji yanapanda kule juu?"

Pilipili alimtazama Kidoti. "Yanapanda, mama. Kila siku."

Wakati watu wazima wakizungumza nje, Kidoti aliziona alama za ukutani akataka kupimwa. Pilipili alichora alama ya nane.

"Sisi tumehamishwa mara tano," Kidoti alisema. "Kila mwenye nyumba anachoka na kamba zetu za nguo. Sasa mama ameuza shamba aliloachiwa na babu. Tutanunua hapa, na atafulia humu humu ndani, mabeseni sita. Hakuna wa kutufukuza tena. Jumamosi ijayo anatia saini!"

Mabeseni sita! Dobi bila maji, ghorofa ya nne!

Wiki nzima alikuwa hashikiki. Alimchukia dalali. Alimchukia mwenye jengo na "nitaangalia" yake. Alimchukia hata mpangaji aliyemsalimia vizuri. Siku ya Ijumaa, akimsaidia mama kukamua matambara, ndipo alipokubali kwamba anayemchukia zaidi ni yeye mwenyewe. Alitaka kumwambia mama, lakini akachukua tambara jingine akakamua.

Jumamosi ilifika. Dobi, bintiye na dalali walipanda juu na karatasi za mauziano. Pilipili alisimama mbele ya swichi, ufunguo mkononi.

Kho, kho, kho.

Hakubonyeza.

Kho, kho, kho! Kikohozi kilishuka ngazi zote nne kama kinamtafuta. Pilipili alirudisha mikono nyuma. Dalali alikohoa tena na tena, sasa kama mtu aliyepaliwa, hadi sauti ya dobi ikasikika kwa huruma: "Jamani, pole kaka! Ngoja nikukingie maji unywe."

Bomba lilifunguliwa. Halikutoa hata tone.

Pilipili alipanda ngazi mbili mbili. Alimkuta dalali anajifuta jasho. "Leo tu, mama. Yamekatika leo tu, nakuapia."

"Mwongo!" Pilipili alipaza sauti. "Hakuna maji mchana hapa! Hata siku moja! Akikohoa, mimi ndiye ninayewasha pampu. Nilikudanganya, mama."

Dobi aliweka kalamu chini. Uso wake ulibadilika. "Nilikuuliza wewe, mtoto, kwa sababu huyu sikumwamini. Wewe nilikuamini! Ningeacha shamba la baba yangu humu ndani, kisha nibebe ndoo hadi nife?"

Kidoti alishuka hadi ukutani, akaitemea mate alama yake na kuifuta kwa kiganja.

Kelele ziliwatoa wapangaji vyumbani. "Kumbe pampu inaweza kuwashwa mchana?" dada mmoja alifoka. "Miezi kumi nabeba ndoo, mgeni anafunguliwa bomba kama malkia!" Mama yake Pilipili naye alifika, fagio mkononi, na aliposikia yote alilitupa chini.

"Kwa funguo zile, watu wameniamini mimi," alimwambia bintiye. "Umewafanyia nini hawa? Umenifanyia nini mimi?" Alimnyang'anya ufunguo mbele ya watu wote. Pilipili alilia, na hakuna aliyembembeleza.

Dalali alitaka kuondoka kimyakimya. Dobi alimzibia mlango. "Mwambie aliyekutuma kwamba sisaini mpaka maji yapande mchana kweupe bila mtu kukohoa."

"Na mwambie," aliongeza yule dada, "asiponunua pampu nyingine mwezi huu, tutahama sote siku moja."

Safari hii mwenye jengo hakusema ataangalia. Alinuna, akanung'unika, lakini ndani ya wiki tatu pampu mpya ilifungwa na tangi likawekwa juu ya paa. Dalali alifukuzwa.

Siku ya kutia saini dobi alilifungulia bomba la jikoni likatiririka hadi akaridhika. Kisha alimwita Pilipili mbele ya mama yake na mwenye jengo.

"Nakuuliza mara ya pili. Maji yanapanda?"

"Yanapanda. Jumanne yalikatika kidogo, fundi akaja akarekebisha." Pilipili alimeza mate. "Na hilo dirisha, mvua ikipiga kutoka barabarani, linavuja."

Mwenye jengo aliguna. Dobi alikunja uso. "La dirisha mbona hukuniambia siku ile?"

"Hukuniuliza, mama."

"Haya, nisikilize. Mama yako amenieleza kuhusu rafiki zako waliohama. Kukosa jirani kunauma, najua, nami nimehamishwa vya kutosha. Lakini ungenipata kwa uongo, ungeishi na mtu anayekuchukia kila akibeba ndoo. Kusema kweli ukiulizwa hakutoshi. Jambo linalomhusu mtu, mwambie kabla hajakuuliza." Alimgeukia mwenye jengo. "Andika na dirisha humo."

Mwenye jengo aliandika, na dobi akatia saini.

Pilipili alishuka taratibu. Ukutani alimkuta Kidoti amesimama wima, mgongo umegusa ukuta, penseli mkononi. Hakutabasamu.

"Haya, nipime tena," alisema. "Na usiniongezee hata nukta."