Vitambaa Vinane

Sisimizi mia tatu walikuwa ndani ya tumbo la Mzee Ambakisye, wakiuma na kuziba. Walipitishwa kwenye tundu lenye unene wa kalamu, kila mmoja mdogo kuliko punje ya ulezi. Popote kisu cha mwanga kilipokata ini, mashine hizo zilikimbilia mshipa uliofunguka na kuufunga kabla damu haijatiririka. Kwa miaka sita, hospitali hiyo ya Mbeya haikuwa imempoteza mgonjwa wa ini hata mmoja.

Daktari Tumpe alikaa mbele ya kioo kilichoonyesha kazi ya mashine, mikono mapajani.

"Kitanzi hatukuweka," alisema Sista Anyisile, muuguzi aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Alimaanisha utepe wa kuzungushia kikonyo cha ini, mahali damu inapoingilia, ili hatari ikitokea uvutwe. Zamani hakuna aliyekata ini bila huo.

"Sista, kila wiki wimbo huo huo. Dakika kumi za kupoteza bure."

"Haya, mimi mshamba."

Kioo kikawa chekundu chote. Mshipa mkubwa ulikuwa umechanika, na damu iliwazoa sisimizi kama mafuriko yanavyozoa makapi.

"Sioni," ilitangaza mashine kwa sauti tulivu.

"Fungua tumbo! Tumpe, mwanangu, fungua!"

Alifungua. Hakuwa ameshika ini kwa mkono wake tangu mashine zije, miaka kumi na moja iliyopita. Vidole vilipapasa ndani ya damu ya moto, havijui vinatafuta nini.

"Chini ya ini. Kando ya kifuko cha nyongo. Si hapo! Hapo. Bana," Sista alimwelekeza.

Alibana. Damu ikapungua, wakaushona mshipa. Lakini damu iliyobaki mwilini ilikuwa nyepesi, imepoa, ikakataa kuganda. Ilichuruzika kila upande. Wakashindilia vitambaa kulizunguka ini ili vizuie damu, wakalifunika tumbo bila kulishona.

Nje alisubiri Tusekile, binti wa mgonjwa.

"Shikamoo, daktari. Mmemaliza?"

"Marahaba. Hatujamaliza. Yu hai, ila siwezi kukuahidi kesho."

"Si mlisema mashine haikosei?"

"Kulikuwa na kinga ya kuwekwa kwa dakika kumi tu. Niliiacha mimi."

Tusekile alimtazama, kisha akarudi kukaa.

Ndani, Tumpe aliandika ubaoni: *Vitambaa vinane vimo tumboni. Vitolewe kesho, kimoja kimoja.*

"Nani atavitoa?" aliuliza Sista.

"Mimi."

"Basi nenda ukale, ulale. Hiyo mikono ina kazi kesho."