Friji la Marehemu Ndani ya Kosta

Hii alinisimulia Obed mwenyewe, rafiki yangu wa chuo, degree ya umeme na ajira zero kama mimi. Baba yake mdogo, Filemoni, alibeba friji la marehemu mama yake Obed kabla matanga hayajaanuliwa, akalisimamisha nyuma ndani ya basi lake la Kosta aliloligeuza nyumba ya kusafiria. Halafu, bila haya, akamwita Obed aje Njombe amfungie inveta ili friji litumie umeme wa betri.

"Kamwene, msomi! Leo degree yako imepata kazi," alimsalimia kwa kilugha, akimcheka.

"Kamwene, baba," Obed alijibu, akafunga. Moyoni alishaapa: mbele ya safari atachomoa waya kimyakimya, nyama yote ambayo mzee aliijaza humo kupeleka Dar ifike inanuka. Let him eat that.

Kabla ya Makambako ukungu uliziba barabara, wakaegesha na kuzima gari. Filemoni akaenda nyuma kwenye giza la mapazia kutafuta bia kwenye friji. Obed akainama chini ya kiti cha mbele, akang'oa waya za betri. Feni ya inveta ikafa.

Friji likaendelea kunguruma, polepole, kama mtu anayevuta pumzi usingizini.

Obed akasikia mlango wa friji ukifunguliwa. Taa ya ndani haikuwaka.

"Obed, acha ujinga. Niachie mkono."

Obed alikuwa kule mbele, waya mkononi.

"Niko huku, baba."

Kisha Filemoni akasema kwa sauti ya chini kabisa:

"Shemeji... shemeji, niachie."