Mashine Ilikuwa Imekufa, Nami Nikasema Gari Liko Sawa

Tiki... tiki... tiki. Hivyo ndivyo nyundo ndogo ilivyolia nilipokuwa nagonga vipande vya madini ya risasi kwenye ringi ya gari. Sauti ndogo tu, wala haishtui mtu. Lakini wasomaji wenzangu, mpaka leo nikiwa nachambua maharage naisikia, na mikono inasimama yenyewe.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Izia, hapa Sumbawanga. Nimesoma mpaka darasa la saba. Niiteni Skola, inatosha. Haya yalinipata nikiwa na miaka ishirini na mbili, katika ile miaka ya ruksa, mahindi yakiuzwa kwa mnunuzi yeyote anayekuja na lori lake, na magari madogo ya mitumba yakianza kuota mjini kwetu kama uyoga.

Nilikuwa mtu wa kucheka. Nilicheka hata nikiteleza kwenye matope. Na nilikuwa na mchumba!

Tumwite Deo. Alikuwa fundi wa matairi, mikono myeusi kwa grisi lakini shati lake la Jumapili jeupe pee. Alinunua Tunduma mashine ya umeme ya kubalansi matairi, mtumba nayo. Kazi yake ni hivi: unafunga tairi, unawasha, linazunguka, mshale unakuonyesha upande ulio mzito. Upande wa pili unagonga kipande cha risasi mpaka uzito ulingane. Tairi lisilolingana hutetemesha usukani gari likishika kasi.

Mtaani kwetu hakuna aliyewahi kuona mashine kama ile. Watu walikuja kuitazama tu kama wanaotazama mtoto mchanga. Mimi nilianza kwa kumpelekea Deo chai, nikaishia kushika nyundo. Kichwani nilikuwa nimeshachora kibao cha duka letu: Deo na Skola, Matairi. Herufi za bluu...

Basi mashine ikafa. Mota ilizunguka vizuri, ila mshale ulilala pale pale, hauamki. Nadhani ni mashimo ya njiani, maana ilitoka Tunduma juu ya magunia kwenye lori. Kipuri hakikupatikana. Deo akaniambia tuendelee tu, kwa sababu mteja analipia anachokiona na kukisikia. Washa, gonga, mpe gari lake.

Nikawa nagonga risasi pale jicho langu linapopenda.

Mtaniuliza, hakuna aliyegundua? Nani angegundua? Barabara zetu zilikuwa makorongo matupu. Gari zima linatikisika mpaka meno, utajuaje kuwa ni tairi? Mwendo wa kulifichua tairi bovu hakuna aliyeufikia. Mwalimu mmoja mstaafu tu ndiye aliyewahi kuuliza kwa nini mshale umelala. Deo akajibu kuwa leo umeme ni mdogo. Mwalimu akaitikia, "Umeme mdogo, bei kubwa," akalipa, akaondoka. Tulicheka siku nzima. Nami nilicheka...

Nina kaka mmoja, Oswadi. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyenilea pamoja na mama. Aliuza mahindi ya misimu miwili na ng'ombe wake wa kulimia, akanunua gari dogo jeupe la kubeba abiria. Mama alilizunguka, akalipiga kofi mgongoni kama anayekagua ng'ombe sokoni. "Hili halikamuliwi," akasema, "lakini tutaona."

Haukupita muda kaka akaleta gari kwenye kibanda chetu cha matairi, analalamika usukani unacheza mikononi. Nilimvuta Deo nyuma ya kibanda. Nikamwambia huyu ni ndugu yangu wa tumbo moja, tumwambie ukweli.

Deo hakunigombeza. Alinitazama kwa upole tu.

"Mwambie. Kesho mji mzima utajua," akasema. "Halafu mahari ya kumpelekea huyo huyo kaka yako, nitaitoa wapi?"

Nikachukua nyundo.

Matairi yote manne niligonga mimi. Kaka alikaa juu ya debe akitafuna karanga, akinitania na kuniita mama fundi, akisema siku nikiolewa nitampikia mume spana. Nilipomaliza alisimama, akafuta mikono kwenye suruali.

"Skola, mimi hawa mafundi siwajui. Nakuuliza wewe. Gari liko sawa?"

"Liko sawa, kaka."

Maneno matatu tu, jamani! Nani aliniziba mdomo? Hakuna. Ulikuwa mdomo wangu mwenyewe.

Wiki ile greda lilikuwa limepita njia ya Mwazye. Tangu nizaliwe sikuwahi kuona barabara laini vile. Jumamosi kaka akamchukua mama kumpeleka Mwazye kwenye kipaimara cha mjukuu wa dada yake mama. Mama alikaa mbele, amepakata kikapu cha unga wa ulezi. Kaka alinisimulia baadaye kwamba kwa mara ya kwanza tangu anunue gari aliweka gia namba nne. Mama akamwambia leo ni kama wamelala kitandani.

Hapo ndipo usukani ulipoanza kutetemeka kama mtu mwenye homa ya malaria. Kabla hajapunguza mwendo kitu kikakatika chini. Gari likaingia mtaroni, likabiringika.

Mama alifia pale pale. Kaka alivunjika mguu sehemu mbili.

Fundi mmoja mzee alilikagua lile gari. Akasema kiungo cha usukani kilikuwa kimelika siku nyingi, na mtetemo ndio uliokimalizia. Kama matairi yangelinganishwa kweli na gari likaendelea kutetemeka, fundi angejua ugonjwa uko kwingine, angeutafuta. Alisema hivyo mbele ya watu msibani, kaka akiwa bado hospitalini, nami nimesimama hapo na sinia la vikombe. Hakuna aliyenitazama.

Sikulia. Wanawake msibani walisema Skola ana moyo. Moyo gani? Nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi: unauona ni wako, unaubonyeza, husikii kitu. Niligawa chai. Nikaosha vyombo. Nikatupa udongo kaburini na mkono ukarudi mahali pake.

Deo hakuja kuzika. Alipakia mashine yake kwenye lori akarudi Tunduma. Mama lishe wa jirani alinieleza maneno aliyoyaacha, kwamba ile gari yeye hakuigusa, aliyegonga ni Skola.

Na hakusema uongo... Hilo ndilo lililonimaliza.

Miezi ikapita. Kila mchana nilimpelekea kaka chakula nyumbani kwake, naye akila kidogo akinirudishia wimbo ule ule, kwamba amemuua mama kwa mwendo, kwamba angeenda polepole mama angekuwepo. Polisi nao waliandika mwendo kasi. Nami nakusanya sahani, naaga, naondoka. Ningeweza kuishi hivyo mpaka uzee. Nani angejua?

Siku moja alisema tena. Nikaweka sahani chini, nikapiga magoti, nikamweleza yote: mshale, risasi, mahari, yote.

Aliniuliza neno moja tu.

"Ulijua?"

"Nilijua, kaka."

Akauvuta mguu wake kwa mikono miwili, akageukia ukuta. "Kesho chakula usilete."

Dada zangu, na ninyi vijana mnaopenda, nawasihi. Mpenzi akikuomba ufiche kosa dogo la kazini, usiseme ni dogo. Hujui nani atapanda juu yake. Na ukishateleza, sema mapema, kabla ndugu yako hajabeba mzigo wako akidhani ni wake. Mimi nilichelewa. Nilimpunguzia kaka mzigo, lakini kaka nimempoteza, na sijui kama atarudi. Sioni wa kumlaumu.

Kesho yake mchana, baada ya kaka kunikataza, niliwasha mkaa kama kawaida. Nikachota unga, nikausimamisha mkono juu ya sufuria, nikarudisha nusu kwenye kopo. Nikasonga ugali wa mtu mmoja. Nikaula nimesimama pale pale jikoni, mpaka ukaisha.