Samaki Wasioshiba

Mama Pacha aliamka amechoka vilevile kama alivyolala. Mumewe alikuwa ameshatangulia ziwani na gunia la chakula cha samaki begani. Vizimba vyao vya kufugia samaki vilikuwa karibu na ufuo, kwenye maji yaliyotulia. Siku hizi maji hayo yalikuwa ya kijani na yalinuka.

Mama Pacha alipofika, samaki walikuwa juu ya maji, wamepanua midomo.

“Wana njaa hawa,” alisema Baba Pacha, akawamwagia chakula kingine.

Hawakukigusa. Wengine walikuwa wanaelea, wamekufa. Mama Pacha aliwaokota. Alichoka kuokota, alichoka kubishana na mumewe. Nyumba nzima ilitegemea vizimba vile.

Asubuhi hiyo alipita mtafiti wa ziwa, dada ambaye kazi yake ni kupima afya ya maji katika ghuba nzima. Naye alionekana hoi. Alizamisha kipimo chake, akatikisa kichwa.

“Kaka, hawana njaa. Wanatafuta pumzi. Hewa imekwisha majini.”

Akawaeleza taratibu. Chakula kinachobaki huzama na kuoza, na kuoza huko humaliza hewa. Pia hurutubisha ule ukijani, ambao ni mimea midogo sana, na usiku nayo huvuta hewa. Ndiyo maana alfajiri samaki huzidiwa.

Baba Pacha alikuja juu. “Nimewanyima nini mimi? Nimewalisha kuliko wanangu.”

“Basi ndiyo taabu yenyewe,” alisema mkewe kwa sauti ya chini. “Baba Pacha, tunawaua kwa chakula.”

Mume aliketi juu ya gunia. Kisha akauliza wafanye nini.

Wasiwalishe kwanza, alijibu mtafiti, mpaka watulie. Baadaye wawape kidogo kidogo, jua likishapanda, na waache mara samaki wanapopunguza kasi ya kula. Vizimba vihamie kwenye kina kirefu, maji yanakopita. Na majirani wafanye hivyohivyo, maana ghuba ni moja.

Majirani walinung'unika, lakini nao walikuwa wanazika samaki. Wakahama wote. Kazi ile iliwavunja migongo.

Wiki zikapita. Alfajiri moja uso wa maji ulikuwa mtupu. Baba Pacha alishtuka, akadhani wamekufa wote. Walisubiri jua lipande, akarusha konzi moja ya chakula. Samaki wakaibuka kutoka chini kwa fujo, wakakimaliza, kisha wakarudi chini mmoja mmoja.

Mkono wake ulikuwa umeshashika konzi nyingine. Alimtazama mkewe, akairudisha guniani.

“Wameshiba,” alisema.

“Haya, twende,” alijibu Mama Pacha. “Na sisi tukale.”